KUTOKA KITANTE HADI GULU: SAFARI YA KUITAFUTA KAMERA YA MKANDA

Kuna kitu kimoja ambacho askari wa zamani hakukosa kukipeleka nyumbani pamoja na sehemu ya mshahara wake, nacho ni picha. Alipomaliza mafunzo, alipovishwa cheo, au alipohamishwa kutoka kituo hiki hadi kile, alikwenda studio akasimama wima, akaitazama lenzi bila kucheka, na baada ya majuma mawili bahasha ikasafiri hadi kwa mama yake kijijini. Picha hiyo ilitundikwa ukutani, au iliwekwa katika sanduku la bati chini ya nguo za sikukuu. Ilitolewa siku wageni wapofika, ikapita mkono kwa mkono, kisha ikarudishwa mahali pake.

Picha ya namna hiyo ilizaliwa na kamera ya mkanda, ile kamera nyeusi yenye mfuko wa ngozi, ambayo watoto wetu wa leo huiona kama sisi tulivyoiona gramafoni ya babu. Wenye umri kama wangu, yaani watu wa miaka thelathini na kitu, tumeikuta ikiwa inaaga. Twaikumbuka sauti yake ikifyatuka, na twaukumbuka mlio wa mkanda ukirudishwa nyuma baada ya picha ya 36. Kwa kuwa nilikuwa na siku chache za likizo, niliona yafaa nifunge safari ya kuzitafuta nyayo zake hapa nchini Uganda, kuanzia mlima wa Kitante mjini Kampala hadi Gulu, kaskazini.

NENO LENYEWE

Kabla hatujaanza mwendo, yatupasa kulitazama neno. Waganda huiita picha "ekifananyi". Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani ndani ya neno hilo lipo neno letu "kufanana". Ekifananyi ni kile kinachofanana na mtu. Sisi katika Kiswahili tuliazima "picha" kwa Waingereza, lakini wenzetu walilichota neno lao katika kisima cha nyumbani.

Kamera ilifika katika nchi hii mapema sana. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley, alipokuwa mgeni wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, alimpiga picha Kabaka pamoja na wakuu wake wakiwa wamesimama mstari mmoja. Ndiyo kusema kwamba picha ya Buganda ilipigwa kabla ya reli, kabla ya barabara ya magari na kabla ya ofisi ya serikali ya kikoloni. Wakati huo mpiga picha alihitaji wapagazi wa kubebea vioo na dawa zake. Miaka 13 baadaye, yaani mwaka 1888, Mmarekani George Eastman aliuza kamera yake ya kwanza yenye jina la Kodak, ikiwa na mkanda uliokunjwa ndani yake. Mwaka 1900 kampuni hiyo ilitoa kamera ndogo ya sanduku iitwayo Brownie, bei yake dola moja tu. Tangu hapo kupiga picha hakukuwa tena kazi ya wataalamu peke yao.

BAHASHA ZA KITANTE

Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Kampala ya Kale. Likahamia Makerere, na mwaka 1954 likapata nyumba yake ya sasa katika mlima wa Kitante, kando ya barabara ya Kira. Aliyelichora jengo hilo ni Ernst May, Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Ni jengo la vyumba virefu, lililojengwa ili upepo na mwanga vipite kwa urahisi, na mgeni akiingia kutoka kwenye jua la mchana hupata burudani.

Mwezi wa Mei 2019 jengo hilo lilipokea maonyesho yaliyowafanya watu wazima wanong'one. Shirika la Utangazaji la Uganda lilikuwa na kabati lililojaa bahasha ndogo ndogo, na ndani ya bahasha hizo mlikuwa na negativu takriban 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980. Nyingi hazikuwa zimewahi kusafishwa katika karatasi. Kuanzia mwaka 2018 shirika hilo, likisaidiana na Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani na Chuo Kikuu cha Western Australia, lilianza kuzinakili moja baada ya nyingine katika kompyuta. Baadhi yake ndizo zilizotundikwa Kitante, hasa zile za utawala wa Idi Amin, wa kuanzia mwaka 1971 hadi 1979.

Maonyesho hayo yamekwisha, lakini waliyoyaona watu bado yasimuliwa. Walimwona Amin akihutubia, akicheza ngoma, akiwapokea wageni wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kampala mwaka 1975. Waliziona siku za mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 wawe wametoka nchini. Wako wazee waliosimama mbele ya picha wakamtambua jirani, ndugu, au ofisa aliyewafundisha kazi.

Lakini lililokuwa zito zaidi ni lile lisiloonekana. Mpiga picha wa serikali alikwenda palipokuwa na sherehe, na alipoambiwa piga alipiga. Mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na wanajeshi katika Mahakama Kuu, wala hakurudi. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Maelfu ya wengine walipotea bila jina lao kuandikwa popote. Hakuna mkanda uliotiwa kamerani kwa ajili ya kuyaonyesha mambo hayo. Kwa hiyo anayezitazama negativu za wakati ule hana budi kuwa na macho mawili: jicho la kutazama yaliyopigwa, na jicho la kuwakumbuka waliokuwa nje ya fremu.

Hata hivyo twawashukuru makarani wa picha wa siku zile. Waliandika juu ya bahasha tarehe, mahali na shughuli. Wakubwa walibadilika, mapinduzi yalipita, vita vilipita, na bahasha zikabaki katika kabati zikiwa na maandishi yake. Kama si maandishi hayo, leo tungekuwa na rundo la vivuli visivyo na wenyewe.

MKANDA NA CHUMBA CHA GIZA

Huenda vijana watauliza: negativu ni kitu gani? Mkanda wa filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa utomvu wenye chumvi za madini ya fedha. Mwanga unapoingia kwa kitambo kidogo kupitia lenzi, chumvi hizo hubadilika, ingawa jicho bado halioni kitu. Mkanda hutiwa katika dawa ya kwanza gizani, na palipopigwa na mwanga hugeuka peusi. Hutiwa katika dawa ya pili ili chumvi zisizotumika ziondoke na picha ikae imara. Kisha huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa. Hapo kila kitu huwa kinyume: shati jeupe huwa jeusi, na nywele nyeusi huwa nyeupe.

Baada ya hapo negativu huwekwa katika mashine ya kukuzia, mwanga hupitishwa juu ya karatasi maalumu, na karatasi hutumbukizwa katika sinia la dawa chini ya taa nyekundu. Kwanza karatasi huwa tupu. Halafu hutokea doa, kisha nyusi, kisha macho, na mwishowe mtu mzima. Waliowahi kufanya kazi hiyo husema kwamba hata baada ya miaka 20 hawakuchoka kungojea macho yatokee.

Kamera zilikuwa za namna mbili hasa. Ile ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ilishikwa kifuani, na mpiga picha aliinamisha kichwa kama mtu anayesali. Mkanda wake mpana ulitoa picha 12 za mraba. Ile ndogo ya milimita 35 ilishikwa jichoni, na mkanda wake ulitoa picha 36. Hesabu hizo ndizo zilizowafundisha watu adabu ya kupiga picha. Mwenye picha 12 hakupiga ovyo. Aliwapanga wazee kwenye viti, watoto chini, akina mama kati, akamrekebisha mmoja kola, akahesabu, ndipo akafyatua. Aliyefumba macho siku hiyo alibaki amefumba macho milele.

NJIA YA KASKAZINI

Kutoka Kampala hadi Gulu ni kilomita 330 hivi. Basi hupita Bombo, mji wa kambi ya jeshi na wa jamaa zetu Wanubi, ambako Kiswahili husikika sokoni kama kisikikavyo kambini. Hufuata Luwero, ambako mananasi hupangwa kando ya njia kama askari katika gwaride. Nchi hii ya Luwero iliumia sana katika vita vya miaka ya 1980, na wazee wake wengi hawana hata picha moja ya nyumba zao za awali, kwa sababu albamu ziliungua pamoja na mapaa.

Baada ya daraja la Kafu nchi hufunguka, nyasi hurefuka, na upepo huanza kuwa mkavu. Karuma Mto Nile hunguruma chini ya daraja, nao nyani hukaa barabarani wakingojea ndizi za abiria. Siku hizi pana bwawa la umeme la megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024. Mto ukishavukwa, lugha hubadilika ikawa Kiacholi, na mzee huamkiwa "Ladit", mama naye "Mego". Gulu, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, si mji wa milima. Umetandazwa tambarare, maduka yake ni marefu, na baiskeli na pikipiki zimejaa.

NYUSO ZILIZOKATWA

Mjini Gulu ipo habari moja ya picha iliyokwenda mbali duniani. Mwaka 2011 mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, aliyekuwa akiishi Burundi, alifika katika Gulu Real Art Studio, studio kongwe ya mji huu. Humo aliona picha za ajabu: mtu ameketi kitini, mikono imetulia magotini, nguo nadhifu, nyuma yake pazia, lakini mahali pa uso pana tundu la mraba. Zilikuwa nyingi, zote zimekatwa uso.

Sababu yake haikuwa uchawi wala dharau. Mashine ya studio ya kutolea picha za pasipoti ilitoa picha nne kwa mara moja, wala haikuweza kutoa pungufu. Mteja aliyehitaji picha moja tu hakuona faida ya kuzilipia nne. Basi alipigwa picha ya kawaida, akaketi mzima mzima, kisha uso ukakatwa ukawa picha ya kitambulisho, na mabaki yakaachwa. Mabaki hayo yalikusanywa, na mwaka 2013 yakatolewa kitabu na kuonyeshwa New York.

Anayeyatazama huona mambo ambayo uso ungeyaficha. Koti moja hujirudia kwa watu wengi, kwani studio iliwaazima wateja wasio na koti. Vifundo vya vidole huonyesha jembe, na viatu huonyesha umbali wa njia. Mwingine amepakata mtoto. Hawa ni watu wa nchi iliyopita katika vita tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi kusimamishwa kwa mapigano mwaka 2006, ambamo zaidi ya watu milioni moja na nusu walilazwa katika kambi za wakimbizi wa ndani. Vita vilipotulia, kila jambo lilidai kitambulisho: kazi, mkopo, shule, msaada. Ndiyo maana walipanga mstari studio.

Nilikaa na mzee mmoja wa Gulu aliyeifanya kazi ya picha ujanani mwake. Nilipomwuliza, "Ladit, hukuona huruma kuukata uso wa mtu?" alicheka kidogo akanijibu kwa Kiswahili cha kambini: "Mwalimu, uso ndio uliokuwa unatafuta chakula. Mwili ulikuwa unangoja nyumbani."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa masjala, na katika majalada ya zamani huziona nyuso hizo kila wiki. Zimebanwa kwa pini iliyoshika kutu, au zimegandishwa kwa gundi juu ya fomu ya ajira: konstebo wa miaka 20, karani, mpishi wa kambi. Nimewahi kumhudumia mama mmoja, mjane wa askari polisi, aliyekuja na picha ya marehemu mumewe. Sare ilikuwapo, mkanda wa kiunoni uliong'arishwa ulikuwapo, viatu vilikuwapo, lakini uso haukuwapo. Ulikatwa miaka mingi iliyopita ili fomu fulani ikamilike, na nyumbani hapakuwa na picha nyingine. Wanawe wawili hawakumkumbuka baba yao sura. Tulilitafuta jalada siku mbili. Lilipopatikana, uso ulikuwa ukurasa wa tatu, umefifia pembeni lakini macho ni mazima. Mama aliuweka juu ya tundu la picha yake, ukaingia sawasawa. Hakusema neno. Nakala ilitolewa, na uso ukarudishwa jaladani, maana ni mali ya kumbukumbu.

Kutokana na hayo nathubutu kutoa shauri. Ipo Sheria ya Taifa ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2001, na kila ofisi ina utaratibu wa kuyapunguza majalada yaliyopitwa na wakati. Utaratibu huo ni wa lazima, kwani rafu hazitoshi. Lakini kabla jalada la mtumishi wa zamani halijateketezwa, ingefaa picha iliyomo inakiliwe na jina lake liandikwe. Kwa ofisi hiyo ni kazi ya dakika tano, lakini kwa jamaa fulani ndiyo sura ya pekee iliyobaki.

TULICHOPOTEZA NA TULICHOPATA

Si haki kuisifu kamera ya mkanda kana kwamba haikuwa na ila. Ilikuwa ghali, na maskini wengi walizikwa bila kupigwa picha hata mara moja. Mikanda ya rangi kutoka ng'ambo ilipimwa zaidi kwa ngozi nyeupe, na mafundi wetu ilibidi wajifunze wenyewe namna ya kuweka taa ili sura ya Mwafrika isizame gizani. Tena mkanda ulioingia mwanga uliharibika wote, hata kama ulikuwa wa arusi.

Mabadiliko nayo hayakumwonea mtu. Kamera ya kwanza isiyo na mkanda ilitengenezwa mwaka 1975 ndani ya kampuni ya Kodak yenyewe, na mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo iliomba kinga ya mahakama kwa sababu ya madeni. Hapa kwetu, uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulioanza mwaka 2014 ulipiga picha papo hapo kwa mashine, na mstari wa studio ukapungua. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha mia kwa mchana mmoja. Lakini simu ikianguka majini au ikiibiwa, picha mia huondoka pamoja nayo, ilhali ile moja ya babu bado imo sandukuni.

KWA WENYE NYUMBA

Akina mama na akina baba wenye picha na negativu za zamani, nawapa mawaidha machache yatakayowafaa.

Kwanza, ziondoeni ukutani pale jua linapopiga, maana mwanga hula rangi. Adui wa pili ni unyevu: msiziweke sakafuni wala karibu na jiko, bali katika sanduku kavu lililoinuliwa. Picha zilizogandana msizibandue kwa nguvu.

Pili, negativu msizitupe kwa kudhani ni takataka. Negativu ni mama wa picha, na hata picha ikiliwa na mchwa, mama yake aweza kuzaa nyingine. Zishikeni pembeni bila kugusa katikati, na kila utepe utieni katika bahasha yake ya karatasi.

Tatu, andikeni majina. Tumieni penseli laini, nyuma ya picha, pembeni, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Msitumie kalamu ya wino, kwani wino hupenya.

Nne, zinakilini kwa simu, mchana kivulini, na nakala mtumieni ndugu aliye mbali, ili nyumba moja ikipatwa na moto nyingine iwe na akiba.

Mwisho, mwiteni mzee wa nyumba aketi pamoja nanyi, mtoe picha moja moja, naye awatajie kila aliyemo, hata yule aliyesimama nyuma kabisa. Kazi hii haiwezi kungojea sikukuu ijayo. Karani wa Wizara ya Habari aliyeandika juu ya bahasha zake hakujua kama kuna atakayezisoma, lakini aliandika, nasi tumezisoma. Basi tafuteni penseli jioni ya leo, mkaanze na ile picha ya askari aliyesimama wima bila kucheka.